Kutoka Mgawo hadi Haki: Msamiati wa Msaada wa Chakula na Nafasi ya Mbinu za Wenyeji katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Mjadala kuhusu msaada wa chakula katika Afrika Mashariki kwa kawaida huendeshwa kwa takwimu za tani, kaya na asilimia. Makala haya yanauangalia mjadala huo kwa upande wa lugha. Yanaeleza jinsi maneno yanayotumika katika utoaji wa msaada, kama vile posho, mgawo, mlengwa, mfadhili na kujitegemea, yanavyompangia anayepokea nafasi yake katika uamuzi juu ya chakula anachokula. Kwa kutumia mifano kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, makala yanaonesha kwamba mbinu za wenyeji hutofautiana na msaada wa kimataifa si kwa kiasi cha chakula kinachotolewa bali kwa namna zinavyogawa mamlaka ya kuamua. Aidha, makala yanabainisha mipaka ya mbinu hizo, na kupendekeza hatua nne ambazo washauri wa sera na vyombo vya Kiswahili vya kanda vinaweza kuzichukua kwa pamoja.

1. Utangulizi

Mwaka 2025 ulidhihirisha udhaifu wa mfumo uliozoeleka kwa miongo kadhaa. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likakoma kufanya kazi. Athari zilizifikia kambi na makazi ya wakimbizi ya kanda hii kwa muda mfupi. Nchini Uganda, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwaondoa takribani wakimbizi milioni 1 katika orodha ya wanaopata msaada mnamo Mei 2025. Nchini Kenya, wakazi wa Kakuma waliandamana kupinga kupunguzwa kwa chakula.

Maandamano hayo yana jambo la kuzingatiwa na mtafiti wa lugha. Mtu huandamana kudai kile anachoamini ni chake, wakati ambapo mfumo mzima wa msaada umejengwa juu ya maneno yanayoashiria kwamba chakula hicho ni cha mwingine, naye hupewa kwa hisani. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, msamiati wa Kiswahili unaotumika katika msaada wa chakula unamwezesha anayepokea kudai, au unamwacha akiwa na uwezo wa kushukuru tu? Swali hilo halihusu ufasaha peke yake. Katika makazi mengi ya wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo tangazo la kupunguza chakula husomwa, na ndiyo lugha ambayo malalamiko huandikwa.

2. Haki ya Chakula: Dhana na Misingi yake ya Kisheria

Dhana tatu huchanganywa mara kwa mara katika maandishi ya Kiswahili, na ni vema zitofautishwe. Ya kwanza ni uhakika wa chakula, yaani hali ambamo watu wote wanakipata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe wakati wote. Dhana hii hupima matokeo. Haiulizi chakula kimetoka wapi wala nani ameamua kiletwe. Ghala lililojaa mahindi kutoka ng'ambo na ghala lililojaa mtama wa wakulima wa wilaya huhesabiwa sawa.

Ya pili ni haki ya chakula. Dhana hii humtaja mwenye haki na mwenye wajibu. Ilitajwa katika kifungu cha 25 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ikawekewa nguvu ya mkataba katika kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, na kufafanuliwa zaidi mwaka 1999 katika Maoni ya Jumla Namba 12 ya kamati inayosimamia mkataba huo. Ufafanuzi huo unasisitiza kwamba chakula hakina budi kukubalika katika utamaduni wa mlaji. Katika kanda hii, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha uhakika wa chakula. Katiba ya Uganda ya 1995 inaliweka suala hilo miongoni mwa malengo ya taifa, mahali ambapo si rahisi kulidai mahakamani.

Ya tatu ni mamlaka ya watu juu ya chakula. Dhana hii ililetwa katika mjadala wa kimataifa mwaka 1996 na La Via Campesina, vuguvugu la wakulima wadogo duniani, wakati wa mkutano wa kilele wa chakula uliofanyika Rome. Ikaendelezwa mwaka 2007 katika kongamano la Nyéléni nchini Mali. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ni miongoni mwa wanachama wa vuguvugu hilo. Hapa swali si kama watu wanakula, wala kama wana haki ya kula pekee, bali ni nani anayeamua kilimwe nini, kiuzwe wapi na kiliwe vipi.

Kiswahili kina faida moja katika suala hili. Lugha kadhaa za Ulaya huwa na neno moja kwa stahiki ya mtu binafsi na neno jingine kwa uadilifu wa mfumo mzima. Neno haki hubeba yote mawili. Anayesema “nataka haki yangu” na anayesema “hapa hakuna haki” wanatumia neno lilelile, wa kwanza akidai fungu lake na wa pili akihukumu utaratibu. Kwa hiyo, mzungumzaji wa Kiswahili anaposikia haki ya chakula husikia mambo mawili kwa pamoja: kilo alizostahili kupimiwa na uadilifu wa mizani iliyozipima. Hata hivyo, neno hili halionekani sana katika matangazo ya ugawaji. Mahali pake pamejaa maneno mengine.

3. Msamiati wa Msaada na Kumbukumbu ya Njaa

3.1 Posho, mgawo, mlengwa na mfadhili

Historia ya neno posho inafupisha historia ya uhusiano kati ya anayelisha na anayelishwa. Katika misafara ya karne ya 19, posho lilikuwa fungu la chakula alilopimiwa mpagazi. Wakati wa ukoloni lilihamia katika mashamba makubwa, reli na kambi za jeshi, ambako unga wa mahindi ulikuwa sehemu ya malipo ya kibarua. Nchini Uganda neno hilo likawa jina la chakula chenyewe: posho ni kile ambacho kwingineko huitwa ugali. Nchini Kenya limebaki katika jina la mashine ya kusagia unga. Nchini Tanzania na Kenya vilevile, posho ni fedha ya kujikimu anayolipwa mtumishi akiwa safarini au kikaoni. Hivyo basi, katika warsha moja kuhusu njaa, neno lilelile linaweza kutaja chakula kinachojadiliwa na malipo ya wanaokijadili. Tofauti ni kwamba posho ya kikao ina kiwango kilichoandikwa katika waraka na mtumishi anaweza kukidai, ilhali posho ya mkimbizi hupunguzwa kwa tangazo.

Neno mgawo nalo lina mzigo wake. Katika matumizi ya kila siku hutaja ugavi wa kitu kilichoadimika. Watanzania hulijua vizuri kupitia mgawo wa umeme. Linapotumika kwa chakula, neno hili huufanya upungufu uonekane kama hali ya hewa, jambo lililotokea tu. Msikilizaji haambiwi kwamba upungufu huo umetokana na uamuzi wa bajeti uliofanywa na watu wenye majina na vyeo katika miji iliyo mbali.

Mlengwa linatokana na kitenzi lenga, yaani kuelekeza mshale au bunduki kwenye shabaha. Neno limeenea sana katika mipango ya hifadhi ya jamii, ikiwemo ile ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, TASAF. Kisarufi, mlengwa ni mtendwa. Na vitenzi vinavyoandamana naye viko katika hali ya kutendwa: huorodheshwa, huhakikiwa, hugawiwa, hufikiwa, huondolewa. Ni nadra kumkuta katika sentensi akichagua, akikataa au akikagua.

Kwa upande mwingine wa uhusiano huo yuko mfadhili. Neno hili linatokana na fadhila, na fadhila katika utamaduni wa Waswahili huzaa deni la shukrani. Methali isemayo “Mfadhili mbuzi utamla mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi” inachukulia kwamba aliyefadhiliwa akilalamika amekosa adabu. Pale ambapo mtoaji ni mfadhili, malalamiko ya mpokeaji hugeuka kuwa utovu wa shukrani. Pale ambapo mtoaji ni mwenye wajibu, malalamiko hayohayo ni madai halali. Tofauti hiyo imo katika neno lililochaguliwa kabla hata ya mtu kufungua kinywa.

3.2 Majina ya njaa

Jamii za kanda zimehifadhi kumbukumbu ya msaada wa chakula katika majina ya njaa zenyewe. Wagogo wa Tanzania ya kati wanaikumbuka Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nchini Rwanda, njaa ya 1943 hadi 1944 inaitwa Ruzagayura. Miongoni mwa Wakamba wa Kenya, njaa ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kutoka angani baada ya mafuriko kukata barabara. Njaa ya 1984 nayo iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake “ninakufa nikiwa nimeshika”: mtu alikuwa na fedha mkononi lakini hakukuwa na chakula cha kununua.

Majina haya yana uchambuzi ndani yake. Mwanauchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu umaskini na njaa kuu, alionesha kwamba watu wengi hufa njaa kwa kukosa uwezo wa kukipata chakula, hata pale chakula kinapokuwapo. Jina Nikw'a Ngwete linaeleza hali iliyo kinyume: uwezo wa kununua ulikuwapo, bidhaa haikuwapo. Mshauri wa sera anayechagua kati ya kutoa fedha na kutoa nafaka anakabiliwa na swali hilohilo, na wanavijiji wa Ukambani walikwisha kulitofautisha kwa maneno mawili.

Kikamba kina pia neno mwolyo, yaani chakula cha msaada. Leo neno hilo hutumika kisiasa kwa maana ya utegemezi unaodhalilisha, na wanasiasa hushindana kuahidi kuukomesha mwolyo. Nchini Tanzania, unga wa mahindi ya njano ulioletwa nyakati za uhaba ulipewa jina la “yanga”, kutokana na rangi ya klabu ya soka. Utani huo ulificha malalamiko. Mahindi yanayoliwa na wengi katika kanda hii ni meupe, na yale ya njano yalichukuliwa kuwa chakula cha shida. Sharti la chakula kukubalika kiutamaduni, lililofafanuliwa Geneva mwaka 1999, lilikuwa limekwisha kutamkwa kwa mzaha kwenye foleni za unga.

4. Safari ya Chakula cha Msaada

Ili kuelewa kwa nini mahindi ya njano yalifika, ni lazima kuufuata mfumo wenyewe. Sheria ya Marekani ya 1954 iliyoanzisha mpango ambao baadaye uliitwa Chakula kwa Amani ilikuwa na malengo kadhaa, mojawapo likiwa kupata soko la ziada ya mazao ya wakulima wa nchi hiyo. WFP iliundwa mwaka 1961 katika mazingira hayo ya ziada. Kwa miongo mingi msaada ulitolewa kama nafaka iliyonunuliwa katika nchi mtoaji na kusafirishwa baharini. Sheria za Marekani zilitaka sehemu kubwa ya shehena hiyo, kwa sasa angalau nusu, ibebwe na meli zenye bendera ya nchi hiyo. Hivyo fedha iliyotengwa kwa njaa ililipa pia wakulima, wasagaji na wenye meli kabla ya kumfikia mwenye njaa.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kanada iliondoa kabisa sharti la kununua chakula nyumbani mwaka 2008. Mwaka huohuo WFP ilianza majaribio ya miaka mitano ya kununua nafaka kwa wakulima wadogo katika nchi 20, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Baadaye fedha taslimu na vocha vikaanza kuchukua nafasi ya magunia.

Hatua ya kisera iliyotajwa zaidi ni makubaliano yaliyofikiwa Istanbul mnamo Mei 2016, yajulikanayo kama Mapatano Makuu. Watoaji na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020, robo ya fedha za misaada ya kibinadamu ingewafikia watendaji wa kitaifa na wa mahali kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Ahadi hiyo haikutimia. Kiasi kilichofika moja kwa moja kwa watendaji hao hakikufikia hata asilimia 10. Sababu zinazotolewa ni za kiutawala: mashirika madogo hayana mifumo ya ukaguzi, hayawezi kubeba hasara, hayaandiki ripoti katika lugha na mtindo unaotakiwa. Sababu hiyo ya mwisho inawahusu wanaisimu moja kwa moja. Shirika la wanawake la Kasulu linaloweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kila kilo iliyotoka na kuingia halihesabiwi kuwa na uwezo, kwa kuwa maelezo hayo hayako katika Kiingereza.

5. Mbinu za Wenyeji: Mifano Mitatu

5.1 Buusaa gonofaa

Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana utaratibu uitwao buusaa gonofaa. Mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame, maradhi au uvamizi huwasilisha shida yake mbele ya ukoo. Wazee huchunguza: alikuwa na nini, amepoteza vipi, je, ni kwa bahati mbaya au kwa uzembe. Wakiridhika, kaya za ukoo huchangia mifugo. Kinachotolewa huwa ni mifugo ya kuzaa, kwa lengo la kumrudisha katika ufugaji, na yeye mwenyewe baadaye hutarajiwa kuwachangia wengine.

Mambo matatu yanautofautisha utaratibu huu na mgawo. Kwanza, anayeamua anamjua anayeomba, na anaweza kuulizwa kuhusu uamuzi wake kesho yake kisimani. Pili, kinachotolewa ni nyenzo ya kuzalisha chakula, si chakula cha wiki mbili. Tatu, kutoa ni wajibu wa ukoo, wala si fadhila. Kwa sababu hiyo, mpokeaji hatoki katika uhusiano huo akiwa mlengwa, bali anatoka akiwa mchangiaji wa baadaye.

5.2 Bamba Chakula

Mwaka 2015 WFP ilianzisha katika Kakuma utaratibu wa kutuma sehemu ya thamani ya chakula kwa simu, na baadaye ukatumika katika makazi mapya ya Kalobeyei. Uliitwa Bamba Chakula. Jina hilo lilitoka katika Sheng, ambamo bamba ni kupata au kunasa, na lilikuwa limekwisha kuzoeleka kupitia kadi za muda wa maongezi. Katika Kiswahili sanifu, kubamba ni kukamata. Kwa lugha ya misaada hili lilikuwa badiliko: kitenzi kiko katika hali ya kutenda, na anayetenda ni mkimbizi.

Utaratibu wenyewe ulienda nusu ya njia iliyoahidiwa na jina. Thamani hiyo ilinunua chakula pekee, na kwa wafanyabiashara waliosajiliwa tu. Hata hivyo, mpokeaji aliweza kuchagua kati ya mchele na unga, na maduka yaliyohudumia yalimilikiwa na wakimbizi pamoja na wenyeji wa Turkana. Tafiti za Chuo Kikuu cha Oxford katika eneo hilo zilionesha pia upande wa pili: kaya nyingi zilikuwa na madeni kwa wenye maduka, na deni humfunga mnunuzi kwa muuzaji mmoja. Uhuru wa kuchagua bidhaa haukuwa uhuru wa kuchagua duka. Katika Kalobeyei, vocha hizo baadaye zilianza kubadilishwa kuwa fedha zisizo na masharti.

Mfano wa Tanzania unaonesha kwamba uamuzi unaweza kugeuzwa pia na dola. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, utoaji wa fedha ulianza mwishoni mwa 2016 na kusimamishwa na serikali mwaka 2017. Wakimbizi walirudi kwenye magunia, na wakulima na wachuuzi wa vijiji jirani wakapoteza wateja waliokuwa wameanza kuwazoea.

5.3 Wakenya kwa Kenya na kamati za haki

Mwezi Julai 2011, wakati ukame ulipokuwa mkali kaskazini mwa Kenya na njaa kuu ilipotangazwa Somalia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pamoja na makampuni na vyombo vya habari walianzisha kampeni ya kuchangisha fedha kwa simu na benki. Lengo la awali la shilingi milioni 500 za Kenya lilivukwa ndani ya wiki chache, kwa michango ambayo mingi ilikuwa midogo sana. Jina la kampeni, Wakenya kwa Kenya, liliweka pande zote mbili ndani ya nchi moja: Wakenya walitoa na Kenya ikapokea. Hakukuwa na mfadhili.

Wakati huohuo, mpango wa serikali wa kutoa fedha kwa kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulioanzishwa kwa ufadhili wa nje, ulikuwa na kamati za haki katika awamu yake ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu stahiki zao na kupokea malalamiko. Kampeni ile ilionesha ukarimu mkubwa lakini haikuweza kudaiwa: mchango ukikoma hakuna wa kuulizwa. Mpango huu ulitoa kiasi kidogo, lakini mwanamke wa Wajir aliyekosa malipo yake alikuwa na mahali pa kuuliza.

6. Kujitegemea: Neno Moja, Maana Mbili

Hakuna neno linaloonesha mvutano huu kuliko kujitegemea. Katika Azimio la Arusha la 1967, kujitegemea kulikuwa msimamo wa kisiasa wa taifa. Hoja ilikuwa kwamba maendeleo hayawezi kujengwa juu ya fedha na misaada ya nje, kwa kuwa anayetegemea hupoteza uhuru wa kuamua. Msingi uliotajwa ulikuwa watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kujitegemea kulidai masharti: ardhi iwepo na mamlaka yawepo.

Nchini Uganda, nchi inayohifadhi wakimbizi wengi zaidi barani Afrika, zaidi ya milioni 1.5, sera ya wakimbizi imejengwa juu ya dhana hiyohiyo kwa jina tu. Mkakati wa kujitegemea ulizinduliwa mwaka 1999, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri. Katika makazi kama Nakivale na Kyangwali, kaya hupewa kipande cha ardhi. Mpango huu umesifiwa, na kwa haki. Hata hivyo, viwanja vimezidi kuwa vidogo kadiri idadi ya watu ilivyoongezeka, na msaada wa chakula ulishuka hadi asilimia 70 ya kiwango kamili mwaka 2020, kisha asilimia 60 mwaka 2021. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa katika makundi matatu kulingana na udhaifu, na kundi lililohesabiwa kuwa linajitegemea liliondolewa kabisa.

Hapa maana imegeuka. Kujitegemea kulikuwa tangazo ambalo watu walijitolea wenyewe. Sasa ni daraja ambalo mtu hupangiwa na mwingine, na matokeo ya kupangiwa ni kukosa chakula. Methali ya Kiswahili “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe” mara nyingi hutajwa kuunga mkono sera ya aina hii. Lakini methali hiyo inachukulia kwamba mwenyeji anayetoa jembe analo shamba, na kwamba mgeni atalima pamoja naye na kula pamoja naye. Jembe bila shamba halimo katika methali.

7. Mipaka ya Mbinu za Wenyeji

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kila cha mahali ni bora. Buusaa gonofaa hufanya kazi pale ambapo baadhi ya kaya zimepoteza na nyingine zimebaki na mifugo. Ukame unapoua mifugo ya eneo zima, ukoo wote huwa mwombaji. Aidha, msaada wa ukoo huwafikia wa ukoo. Mkimbizi, mjane aliyeolewa kutoka mbali, au mtu wa kabila dogo anaweza kukosa wa kumsemea. Wazee wanaoamua ni wanaume kwa kawaida. Kwa hiyo mbinu za wenyeji zinahitaji fedha na sheria za nje ya kijiji, kama vile msaada wa kimataifa unavyohitaji maarifa na uwajibikaji wa ndani ya kijiji.

Vilevile, neno ujanibishaji, linalozidi kutumika kutaja hatua ya kuwapa wenyeji nafasi, linaweza kuficha jambo. Kupunguza fedha na kuziita kazi zilizobaki “wajibu wa wenyeji” si kuwapa mamlaka. Ni kuhamisha lawama. Kipimo ni rahisi: je, uamuzi umehamia pamoja na fedha, au umehamia peke yake?

8. Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza hatua nne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya kitaifa, iandae istilahi za msaada wa kibinadamu zinazozingatia haki. Mahali pa mlengwa pawe na mwenye stahiki. Mahali pa mfadhili, inapofaa, pawe na mtoaji au mwenye wajibu. Na mgawo uambatane daima na maelezo ya nani ameupunguza na kwa sababu gani. Pili, matangazo ya mabadiliko ya chakula yatolewe kwa Kiswahili na lugha nyingine za wakazi kabla ya utekelezaji, yakitaja njia ya kukata rufaa. Neno mrejesho, linalotumika sasa, halitoshi. Mtu aliyepokonywa chakula hana maoni, ana malalamiko. Tatu, watoaji wakubali ripoti na maombi ya fedha yaliyoandikwa kwa Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na gharama ya tafsiri ibebwe na mtoaji. Nne, tathmini za mipango ya chakula zipime pia nani aliamua, si nani alifikiwa tu.

Mapendekezo haya hayaongezi hata kilo moja ghalani, na maneno mazuri hayajazi sufuria. Lakini mtu aliyeondolewa kwenye orodha huko Nakivale au Kakuma huanza na sentensi. Ikiwa lugha aliyopewa ina vitenzi vya kupewa na kunyimwa tu, sentensi yake itakuwa ombi. Ikiwa ina haki, stahiki na wajibu, itakuwa dai, na ofisi itakayolipokea italazimika kulijibu kama dai. Kazi ya kuyaweka maneno hayo mahali yanapohitajika, katika tangazo, katika fomu na katika mafunzo ya wagawaji, iko ndani ya uwezo wa wataalamu wa Kiswahili na washauri wa sera wa kanda hii bila kungoja bajeti ya mtu mwingine.